Kupima udongo wa majaruba kwa mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mkulima wa mpunga, afisa ugani au mwanafunzi wa kilimo aliyesikia kwamba siku hizi udongo unamulikwa badala ya kuchemshwa na dawa za maabara, na anataka kujua habari hiyo ina ukweli gani na itamfaa nini. Mifano mingi nimeitoa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, kwa sababu huko njia hii imefuatiliwa kwenye majaruba yenyewe kwa miaka kadhaa.

Kupima udongo kwa mwanga ni kufanya nini hasa?

Chukua konzi ya udongo mweusi wa bondeni uiweke kando ya konzi ya udongo mwekundu wa mlimani. Kabla hujafika maabara, jicho limeshakuambia jambo: mweusi una mboji, mwekundu una chuma kilichoshika kutu. Spektromita, yaani mashine ya kupima mwanga, inafanya kazi hiyohiyo ya jicho, ila inaona mbali zaidi. Jicho la binadamu huona mwanga ambao urefu wa mawimbi yake ni kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Spektromita ya maabara inasoma kuanzia 350 hadi 2500, kwa hiyo sehemu kubwa ya inachokiona sisi hatukioni kabisa.

Taa ya halojeni inamulika udongo mkavu uliochekechwa. Mwanga mwingine unamezwa, mwingine unarudi. Mashine inaandika kila wimbi limerudi kwa asilimia ngapi, ikilinganisha na kibao cheupe kinachorudisha karibu mwanga wote. Matokeo yake ni mchoro wa mstari mmoja wenye mabonde na vilima, na mabonde hayo ndiyo yenye habari. Kusoma sampuli moja hakuchukui hata dakika, na udongo unabaki kama ulivyokuja.

Mwanga unaona vitu gani ndani ya udongo?

Unaona vinne vizuri, na ni muhimu kuvijua kwa sababu mengine yote yanajengwa juu ya hivi.

Mboji huufanya udongo umeze mwanga unaoonekana, ndiyo maana udongo wenye mboji nyingi ni mweusi. Kaboni ya udongo hupimwa vizuri kwa njia hii kuliko karibu kitu kingine chochote. Cha pili ni madini ya chuma, yaani hematiti inayotoa wekundu na gothaiti inayotoa rangi ya manjano na hudhurungi. Haya huacha alama kwenye mwanga unaoonekana na tena kati ya nanomita 850 na 950 hivi. Cha tatu ni mfinyanzi: kaoliniti huchimba bonde karibu na 2200, na gibsaiti, madini ya aluminiamu ambayo hupatikana kwenye udongo uliooshwa na mvua kwa enzi na enzi, huchimba la kwake mbele kidogo, karibu na 2265. Cha nne ni maji, ambayo alama zake karibu na 1400 na 1900 ni kubwa kiasi kwamba udongo ukiwa mbichi huzifunika nyingine.

Hiyo ndiyo orodha. Fosforasi haimo. Potasiamu haimo. Zinki haimo. Ukikutana na mtu anayekuambia kifaa chake "kinaona" fosforasi moja kwa moja kwenye udongo wa shamba, muulize anaiona kwenye wimbi gani.

Kama haiioni fosforasi, inawezaje kutaja kiasi chake?

Hili ndilo swali la msingi. Nitalijibu kwa urefu, maana anayelielewa hadanganyiki na muuzaji wa kifaa.

Fosforasi kwenye udongo mwekundu haikai yenyewe. Inashikwa na chuma na aluminiamu, inang'ang'aniwa kama kupe kwenye ngozi, na nyingine imo ndani ya mboji. Mwanga hauioni fosforasi lakini unawaona walioishika: chuma, gibsaiti, mboji. Ikiwa katika eneo fulani kiasi cha fosforasi kinafuatana na kiasi cha hawa walioishika, hesabu inaweza kujifunza uhusiano huo na kukisia kile kisichoonekana. Watafiti wa Kijapani na wa Kimalagasi walifanya hivyo kwenye nyanda za juu za Madagaska, na mwaka 2021 walichapisha kazi iliyotumia sampuli zaidi ya 300 za udongo wa mpunga, wa mabondeni na wa milimani, ambapo kompyuta ilifundishwa kukadiria fosforasi kutokana na spektra, yaani ile michoro ya mwanga uliorudi. Makadirio yalikuwa mazuri.

Lakini angalia walichokikadiria. Hawakukadiria fosforasi ya Bray wala ya Olsen, vipimo ambavyo wengi tumevizoea kwenye karatasi za majibu ya maabara. Walikadiria fosforasi inayotolewa na oksaleti, dawa ya maabara, yaani ile iliyoshikwa na chuma na aluminiamu ambavyo havijagandamana kuwa fuwele ngumu. Sababu iko kwenye jaruba lenyewe. Ukishafurika maji, hewa inaisha udongoni, na vijidudu vinaanza kutumia chuma mahali pa oksijeni. Chuma kinabadilika, kinayeyuka, na kinaachilia fosforasi iliyokuwa imefungwa. Mpunga unakula fosforasi hiyo. Bray na Olsen hupimwa kwenye udongo mkavu, hivyo zinaweza kuikosa akiba itakayofunguka baada ya wiki mbili za maji. Oksaleti inaikaribia zaidi.

Kwa hiyo mambo mawili yalikutana kwa bahati njema: fosforasi inayoulisha mpunga ni ile iliyofungwa na chuma, na chuma ndicho ambacho mwanga unakiona. Kwenye shamba la mahindi la udongo mweusi wa mbuga hesabu hiyohiyo ingeweza kuanguka.

Kwa nini Madagaska?

Wamalagasi wanakula wali asubuhi, mchana na usiku. Lugha yao inatumia neno moja, *vary*, mahali ambapo sisi tuna mpunga, mchele na wali. Udongo wa nyanda za juu ni mwekundu, mkongwe, na unashika fosforasi kwa nguvu, huku wakulima wengi wakiwa hawana uwezo wa kununua mbolea ya kutosha. Mradi ulioitwa FyVary ulianza mwaka 2017, ukiongozwa na kituo cha JIRCAS cha Japani pamoja na maabara ya isotopu ya Chuo Kikuu cha Antananarivo na taasisi ya utafiti wa kilimo ya FOFIFA. Lengo lilikuwa kumwezesha mkulima apate mavuno kwa mbolea kidogo, na kupima udongo kwa haraka ilikuwa hatua ya kwanza.

Msomaji wa Mbarali, Kilombero, Kahama au Mwea asiichukulie hii kuwa habari ya ng'ambo tu. Udongo mwekundu wenye chuma uko kwetu pia. Ila mabonde yetu si yote ya aina hiyo. Mwea, kwa mfano, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, na huo una tabia nyingine.

Basi naweza kuchukua hesabu ya Madagaska niitumie kwenye majaruba yangu?

Hapana. Hesabu inajua udongo iliofundishwa nao, basi.

Mahali popote pa kuanzia, sehemu ya sampuli lazima ipimwe kwa njia ya kawaida ya maabara, kisha sampuli hizohizo zimulikwe, ili hesabu ijifunze mstari wa aina gani unalingana na namba gani. Baada ya hapo sampuli nyingine humulikwa tu. Jambo linalonisikitisha ni kuona fedha zinakwenda zote kwenye kifaa, na hazibaki za kupimia sampuli za kufundishia. Kifaa bila sampuli hizo ni taa ya bei ghali.

Habari njema ni kwamba Afrika Mashariki haianzi sifuri. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wakifanya kazi na kituo cha utafiti wa kilimo misitu jijini Nairobi, ICRAF, walichapisha makala iliyotumia sampuli zaidi ya 1000 za udongo wa juu kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Walionyesha kwamba maktaba ya spektra inaweza kujengwa na kutumiwa na wengi. Maabara ya mwanga ya Nairobi imeendelea kukua tangu hapo, na mradi wa AfSIS uliozinduliwa 2009 ulikusanya sampuli kutoka nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Njia inayofanya kazi vizuri ni kuchukua maktaba kubwa kama hiyo na kuichanganya na sampuli chache zilizopimwa za bonde lako mwenyewe. Hata makumi machache, zikichaguliwa vizuri, husaidia sana.

Sampuli inachukuliwaje kwenye jaruba? Udongo wenyewe ni tope.

Wakati bora ni baada ya mavuno, maji yakiwa yametoka. Chimba sentimita 15 za juu, mahali kama kumi kwa njia ya kupinda-pinda, changanya kwenye ndoo ya plastiki, punguza hadi ubaki na nusu kilo hivi. Ndoo ya bati iache nyumbani kama unataka kupimiwa zinki. Usichanganye jaruba la juu na la chini kwa sababu tu ni ya mtu mmoja. Maji yanashuka na udongo laini, kwa hiyo jaruba la kwanza kwenye mfereji na la mwisho yanaweza kutofautiana kabisa. Epuka palipochomwa pumba au kurundikwa majani ya mpunga.

Anika kivulini hadi ukauke kabisa, ponda mabonge, toa mizizi, chekecha kwa chekeche la milimita 2. Mizizi ina shida yake: mizizi ya mpunga hupeleka hewa chini, na chuma hugeuka kutu kuizunguka, ile michirizi ya rangi ya chungwa unayoiona ukipasua bonge la kijivu. Bonge moja lina rangi mbili, yaani kemia mbili. Usipochanganya vizuri, mashine itasoma upande mmoja tu wa habari.

Andika jina la sampuli kwa penseli kwenye karatasi iliyo ndani ya mfuko na tena nje. Kalamu ya wino hufutika, na sampuli isiyo na jina ni vumbi.

Siwezi kumulika palepale shambani, bila kukausha?

Unaweza kumulika, ila kujua umepata nini ni kazi nyingine. Maji hubadilisha mstari mzima, na kwenye jaruba kiwango cha maji hubadilika kila hatua tano. Zaidi ya hapo, udongo uliofurika una chuma kilichogeuka, ndiyo maana ni wa kijivu au bluu-bluu, na ukiuchota ukaguswa na hewa unaanza kubadilika rangi mbele ya macho yako. Ziko hesabu za kuondoa athari ya maji, lakini kwa mpunga bado ningekausha.

Vifaa vya mkononi vinavyouzwa sasa vinafaa?

Vingine ni vizuri kweli. Hata hivyo soma kinaona kutoka wapi hadi wapi. Spektromita kubwa zinazobebwa mgongoni, kama FieldSpec, husoma 350 hadi 2500, na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Kifaa kidogo kama NeoSpectra, kilichotengenezwa na kampuni iliyoanzia Misri, ni nafuu zaidi na husoma takribani 1350 hadi 2500. Kwa mfinyanzi hilo linatosha. Lakini rudi kwenye orodha ya juu: alama za chuma ziko chini ya 1000. Kifaa kisichofika huko hakikioni chuma chenyewe, kinabaki kukisia kwa kupitia mfinyanzi. Kwa udongo ambao fosforasi yake imeshikwa na chuma, huo ni ukisiaji juu ya ukisiaji. Sisemi hakifai, nasema kijaribiwe kwanza kwenye udongo wako.

Maabara kubwa, ikiwemo ya Nairobi, hutumia pia mwanga wa infraredi ya kati, kuanzia nanomita 2500 kwenda mbele. Huko alama za madini na mboji ni kali na nyingi, na makadirio kwa kawaida huwa bora, ila udongo lazima usagwe laini kama unga.

Na kamera ya simu?

Inaona rangi tatu. Inaweza kukuambia jaruba lipi lina mboji zaidi ya jingine. Isikuambie zaidi ya hapo.

Nitajuaje kama makadirio ni ya kuaminika?

Uliza swali moja: je, hesabu ilijaribiwa kwa sampuli ambazo haikuwahi kuziona? Kumsahihisha mwanafunzi kwa maswali aliyokwisha kupewa majibu si mtihani. Na sampuli za majaribio zitoke majaruba mengine, ikiwezekana kijiji kingine, maana sampuli mbili za jaruba moja ni ndugu wa tumbo moja.

Kisha tazama kosa la wastani kwa kipimo chenyewe, miligramu kwa kilo, badala ya kuridhika na R², ile namba ya kuonyesha makadirio yanafuatana kiasi gani na vipimo vya maabara, ikiwa karibu na 1. R² inaweza kupendeza kwa sababu tu sampuli zilitoka kwenye udongo maskini sana na tajiri sana kwa pamoja. Mkulima ambaye majaruba yake yote ni maskini hatasaidiwa na hilo. Mara nyingi matumizi ya haki ya njia hii ni kugawa majaruba katika makundi: yenye upungufu mkali, ya kati, na yenye kutosha. Makundi matatu ya kweli yana faida kuliko namba yenye desimali mbili isiyo ya kweli.

Itaniambia niweke urea kiasi gani?

Hapana, na hapa watu wengi wanapotea. Naitrojeni yote ya udongo hukadiriwa vizuri kwa sababu inafuatana na kaboni ya mboji. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imefungwa na haitaufikia mpunga msimu huu. Kujua lini uweke urea, kadi ya rangi ya majani iliyotolewa na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ni rafiki bora: unalinganisha jani na vipande vya rangi ya kijani kwenye kadi. Nayo ni kupima kwa mwanga, ila safari hii kifaa ni jicho lako na kinachosomwa ni mmea.

Na pH, chumvi, zinki?

pH hukadiriwa wastani tu, na kipimo cha kawaida cha pH ni rahisi, kwa hiyo kitumie hicho. Chumvi pia ina kifaa chake cha bei ndogo kinachopima jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme. Zinki, ambayo upungufu wake ni tatizo halisi la majaruba, peleka maabara.

Setilaiti au droni haziwezi kufanya kazi hii bila mtu kuchimba?

Jaruba huonekana likiwa tupu na kavu kwa majuma machache tu kwa mwaka. Kabla yake kuna majani, baada yake kuna maji, na katikati kuna mawingu. Sentinel-2 ya Ulaya inatoa picha bure, lakini kila nukta yake ni mita 10 au 20, na husoma mikanda michache tu ya mwanga. EnMAP ya Ujerumani iliyorushwa 2022 husoma mikanda mingi sana, ila nukta yake ni mita 30. Majaruba ya ngazi-ngazi ya nyanda za juu za Madagaska ni madogo kuliko nukta hiyo. Ramani ya udongo wa Afrika ya iSDA, yenye nukta za mita 30, inafaa kupangia wapi pa kuchukua sampuli. Haifai kumwambia mtu mmoja anunue mifuko mingapi.

Nimeambiwa fosforasi ya jaruba langu iko chini sana. Nifanyeje na fedha zangu ni kidogo?

Huko Madagaska hawakumwaga mbolea shamba zima. Walichanganya TSP, mbolea ya fosforasi, kidogo na tope hadi likawa zito kama uji, wakachovya mizizi ya miche ndani yake muda mfupi kabla ya kupandikiza, na mche ukaingia shambani umebeba fosforasi yake mizizini. Ukitawanya mbolea kwenye udongo wenye njaa ya fosforasi, chuma kinakula kwanza na mpunga unapata makombo. Kwa kuchovya, mche unapata kabla chuma hakijafika. Kwenye nyanda za juu kuna faida ya pili: mpunga wenye upungufu huchelewa kutoa masuke na kukutwa na baridi ya mwisho wa msimu, na miche iliyochovywa ilitoa masuke mapema zaidi.

Jaribu kwanza kwenye kijaruba kimoja, na usiiache miche humo kwa muda mrefu, kwani mbolea iliyokolea inaunguza mizizi. Utafiti mwingine wa nyanda hizohizo umeonyesha kwamba uwezo wa udongo kushika fosforasi unasaidia kutabiri mpunga utaitikiaje mbolea, na kwa maoni yangu hapo ndipo mwanga una kazi kubwa zaidi: kumwambia afisa ugani aanzie kijiji gani na majaruba yapi.

Gharama ikoje kwa mkulima mmoja?

Mkulima mmoja asinunue kifaa. Njia hii inalipa wingi unapokuwepo: skimu nzima, chama cha ushirika, wilaya. Kutoa fosforasi kwa oksaleti kunataka dawa na kutikisa sampuli kwa saa 4 gizani, maana mwanga hufanya oksaleti iyeyushe hata chuma kilichopaswa kubaki. Sampuli 500 kwa mtindo huo ni wiki nyingi. Ukimulika zote 500 na kupima 100 tu kati yake kwa dawa, umeokoa sehemu kubwa ya muda na fedha. Kwa Tanzania anzeni kuuliza TARI Mlingano, Tanga. Kwa Kenya, KALRO Kabete.

Udongo ukishamulikwa, niutupe?

Usiutupe. Haukuharibiwa. Uweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na jina, tarehe, kina na mahali ulipochimbwa, mbali na unyevu na panya. Zile sampuli zaidi ya 1000 za mwaka 2002 zilitoka kwenye akiba: watu walizichimba kwa kazi nyingine, wakazihifadhi.